Kabla ya Kununua Posti za Muhugu

Mkazi yeyote wa Kware au Kitengela aliyewahi kuweka fensi kwenye ploti anaijua kero hii. Posti zinasimama wima, kisha moja inaanza kuyumba, na ukiing'oa unakuta mchwa wamemaliza sehemu yote iliyokuwa ardhini. Ndiyo maana wazee huzisifu posti za muhugu.

Sifa hiyo ni ya haki. Muhugu, au muhuhu kama unavyoitwa Pwani, humea katika misitu mikavu kama Ololua huko Ngong na Arabuko-Sokoke, Kilifi. Mbao zake ni nzito na ngumu, zina mafuta yenye harufu nzuri, na mchwa hawazili kwa urahisi. Zimetumika kwa sakafu zinazokanyagwa na watu wengi, na wachongaji wa Ukambani wamechonga twiga na vifaru kutokana na mti huu kwa miongo mingi. Jambo ambalo wengi hawalijui: muhugu, pamoja na ugumu wake wote, ni wa ukoo mmoja na alizeti.

Tatizo ni kwamba haurudi haraka. Mti dume na mti jike husimama mbalimbali, kwa hivyo jike akikatwa, mbegu zimekwisha mahali hapo. Hata zinapopatikana, nyingi huwa zimeharibiwa na wadudu na hazioti. Mche ukiota, hukua polepole mno. Anayekata muhugu leo hatauona mwingine wa kimo hicho.

Kuna dhana kwamba kuondolewa kwa marufuku ya ukataji miti mwaka 2023 kuliruhusu miti yote kukatwa. Sivyo. Hatua hiyo ilihusu misitu ya kupandwa, si miti ya asili kama muhugu. Ukiuziwa posti zake, mwombe muuzaji akuonyeshe kibali cha kuzisafirisha kutoka Shirika la Huduma za Misitu Nchini (KFS). Asipokuwa nacho, usizinunue.

Badala yake, tumia posti za saruji au za mkalitusi uliotibiwa kwa dawa. Mafundi wengi hukosea hapa: wanafupisha posti iliyotibiwa, kisha wanafukia upande waliokata. Dawa haifiki katikati ya mti, na mchwa huingilia papo hapo. Upande uliokatwa ukae juu.