Kuisoma na Kuitunza Peni ya Fedha ya Uingereza ya Zama za Kati

Kwa takriban miaka 500, tangu nusu ya pili ya karne ya 8 hadi mwaka 1279, Uingereza iliendesha karibu biashara yake yote kwa sarafu ya aina moja: peni ya fedha. Mfalme Offa wa Mercia, aliyetawala kuanzia 757 hadi 796, ndiye aliyeipa nguvu, na wafalme waliomfuata wakaishikilia. Ni kisarafu chembamba kama gamba la samaki, kwa kawaida chenye kipenyo cha milimita 18 hadi 20 na uzito usiofika gramu moja na nusu. Peni 12 zilihesabiwa kuwa shilingi na peni 240 kuwa pauni, lakini shilingi na pauni za wakati huo zilikuwa hesabu za daftarini. Hakuna aliyezishika mkononi. Aliyehitaji chenji alikatiwa peni nusu kwa nusu, au robo kwa robo, kwa kufuata mistari ya msalaba uliokuwa upande wa nyuma. Vipande hivyo bado vinaokotwa mashambani hadi leo.

Sarafu hizi zilifuliwa kwa nyundo. Fedha iliyeyushwa ikachanganywa na shaba kidogo, na kwa muda mrefu kipimo kilikuwa sehemu 92.5 za fedha katika kila 100. Mafundi waliifua iwe bamba jembamba, wakaikata vipande, kisha wakaipiga chapa. Muhuri wa chini ulikuwa na ncha iliyopigiliwa kwenye gogo, nao kwa kawaida ulibeba sura ya mfalme. Muhuri wa juu, ulioshikwa mkononi, ulibeba msalaba. Kipande cha fedha kiliwekwa katikati na nyundo ikashuka. Ndiyo maana sarafu nyingi zina sura iliyokaa upande, herufi zilizopigwa mara mbili, sehemu isiyoonekana vizuri, au ufa mdogo ukingoni. Hizo si kasoro za kusikitikia. Ni alama za mkono wa mtu, na mara nyingi ndizo zinazothibitisha kuwa sarafu ni ya kweli. Mashine zilichukua nafasi ya nyundo moja kwa moja mwaka 1662 tu.

Anayetaka kuitambua peni hufanya vyema kuanza na upande wa nyuma kabla ya kuutazama uso wa mfalme. Uso haukuwa picha ya mtu halisi. Mafundi walichora taji, macho, na vishungi viwili vya nywele, na sura hiyohiyo ikatumika kwa wafalme wawili au watatu. Msalaba ndio uliobadilika kwa sababu zinazojulikana na katika miaka inayojulikana.

Kati ya 1180 na 1247 ulitumika msalaba mfupi wa mistari miwili, usiofika kwenye maandishi ya pembezoni, na katika kila pembe yake kuna ua dogo la nukta nne. Hapa ndipo wanaoanza hunaswa. Upande wa mbele umeandikwa HENRICVS REX, yaani Mfalme Henry, na mtu hudhani moja kwa moja kwamba sarafu ni ya Henry II au Henry III. Kumbe Richard I na mdogo wake John, waliotawala kati yao kuanzia 1189 hadi 1216, waliendelea kutumia jina la baba yao kwenye peni za Uingereza. Hakuna peni ya Uingereza ya kipindi hicho yenye jina la Richard. Ili kujua ni ya nani, lazima kuhesabu lulu za kwenye taji, kutazama jinsi vishungi vilivyokunjwa, na kupima umbo la herufi. Mwanazuoni L. A. Lawrence alizigawa sarafu hizi katika makundi manane kwa kufuata mambo madogo ya namna hiyo, na mgawanyo wake, pamoja na marekebisho ya baadaye, ndio unaofuatwa bado.

Maandishi ya nyuma yanataja watu. Tangu mageuzi ya Mfalme Edgar yapata mwaka 973, kila peni ilibeba jina la mfua sarafu na mji wake, ili fedha ikiwa hafifu mhusika ajulikane. Adhabu haikuwa ya mzaha: mwishoni mwa 1124 Henry I aliwaita wafua sarafu wa nchi nzima Winchester, na wengi walikatwa mkono wa kulia na kuhasiwa. Kwa hiyo maandishi WILLELM ON LV yanasema kwamba William ameipiga sarafu hii London. Neno ON ndilo bawaba ya sentensi. Kilicho kabla yake ni mtu, kinachofuata ni mji, na majina ya miji yameandikwa kwa tahajia ya wakati huo: York ni EVERWIC, Lincoln ni NICOLE. Mfua sarafu mmoja mashuhuri wa London na Canterbury naye aliitwa Nicole, hivyo NICOLE ON LVND ni sarafu ya London wala haihusiani na Lincoln. Asiyeangalia upande gani wa ON jina limekaa atakosea mji mzima.

Msalaba mfupi uliacha mwanya kwa wezi. Mtu aliweza kukata ukingo wa sarafu kwa mkasi, akakusanya vipande vya fedha, kisha akaitumia peni iliyopungua kwa thamani yake kamili. Mwaka 1247 Henry III alibadilisha chapa, kwa mtaji na usimamizi wa ndugu yake Richard wa Cornwall. Msalaba ukarefushwa hadi ukingoni. Sasa kama ncha zake nne hazionekani zote, muuzaji anajua mara moja kwamba sarafu imepunjwa. Peni hizi zina nukta tatu katika kila pembe, na zilikuwa za kwanza kutaja namba ya mfalme: HENRICVS REX III au TERCI. Ukataji haukukoma hata hivyo, na lawama zake ziliwaangukia wengine zaidi ya wengine. Mwaka 1278 Edward I aliamuru Wayahudi wa nchi nzima wakamatwe kwa tuhuma hizo. Mamia walinyongwa, wengi kupita kiasi ukilinganisha na Wakristo walioshtakiwa kwa kosa lilelile, na mwaka 1290 waliosalia walifukuzwa Uingereza. Peni iliyokatwa ukingo ni ushahidi wa mambo hayo, si takataka.

Mwaka 1279 Edward I alianzisha sarafu mpya: peni yenye msalaba mrefu wa mstari mmoja mnene, pamoja na nusu peni na robo peni za duara, zikafuta haja ya kukata vipande. Jina la mfua sarafu likaondolewa na mji tu ukabaki. CIVITAS LONDON ndiyo inayoonekana zaidi, ikifuatiwa na CIVITAS CANTOR ya Canterbury, VILLA NOVICASTRI ya Newcastle na nyingine. Kiwanda cha Bury St Edmunds kilichelewa kufuata, na baadhi ya peni zake bado zinataja jina la Robert wa Hadleigh. Chapa hii ilidumu chini ya Edward watatu mfululizo, kwa hiyo kuwatenganisha kunahitaji subira. Ndugu wawili wa ukoo wa Fox walizipanga peni za Edward I na Edward II katika makundi 15, wakitazama umbo la taji na namna jina lilivyofupishwa. EDW R huelekeza kwenye miaka ya mwanzo, ilhali EDWA R, EDWAR R na EDWARD R ni za miaka ya baadaye ya Edward I na za mwanawe.

Mizani husaidia sana, mradi inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Peni ya Edward I ilipotoka kiwandani ilikuwa na gramu 1.4 hivi. Fedha ilipoadimika uzito ukashushwa: gramu 1.17 mwaka 1351, 0.97 mwaka 1412, na 0.78 mwaka 1464. Uchakavu na mkasi hupunguza uzito, haviongezi. Hivyo peni nyepesi inaweza kuwa ya wakati wowote, lakini peni yenye gramu 1.35 haiwezi kuwa ya baada ya 1351. Kuanzia mwaka huo huo wa 1351 ilienea pia groti, sarafu ya peni nne, yenye duara mbili za maandishi upande wa nyuma: nje sala ya Kilatini, ndani jina la mji. Ikisomeka VILLA CALISIE, ilipigwa Calais, bandari ya Ufaransa iliyokuwa mikononi mwa Waingereza kuanzia 1347 hadi 1558. Groti za karne ya 15 hutofautishwa kwa vialama vidogo kati ya maneno, kama kipete, waridi, jani, au tunda la msonobari, na kioo cha kukuza mara kumi kinatosha kuviona. Mwanzoni mwa karne ya 16 Henry VII alichorwa kwa mara ya kwanza uso wa upande unaofanana naye kweli, na sura ya jumla ya Zama za Kati ikafikia mwisho.

Za bandia zipo za aina mbili, nazo hazistahili kutendewa sawa. Za kale zilitengenezwa wakati sarafu zenyewe zikitumika. Baadhi ni shaba iliyovikwa fedha, na shaba hujitokeza mahali palipochubuka. Nyingine zilitoka ng'ambo, katika nchi ambazo leo ni Ubelgiji na Luxembourg. Zilifanana na peni za Edward I, ila kichwa mara nyingi hakina taji bali kina shada la maua au kiko wazi, na ukisoma maandishi unakuta jina la bwana mwingine. Zilifurika Uingereza miaka ya 1290 hadi zikapigwa marufuku mwaka 1300. Hizo zina historia na zina wanunuzi. Za kisasa ni hadaa tu. Iliyomiminwa kwenye kalibu huwa na uso laini kama uliopakwa sabuni, vitundu vidogo vya hewa, na wakati mwingine mstari wa kiungo ukingoni. Kipimo kizuri zaidi ni hiki: kwa kuwa kila sarafu ilipigwa kwa mkono, hakuna mbili zenye umbo moja la ukingo, ufa mmoja, na mpindo mmoja. Zikipatikana mbili zinazolingana hivyo, walau moja imetoka kwenye kalibu.

Baada ya kutambuliwa, sarafu inahitaji ulinzi, na adui wake mkubwa ni mtu mwenye nia njema ya kuisafisha. Limau, majivu, dawa ya meno, soda ya kuokea na dawa za kung'arishia vyombo vya fedha huondoa weusi, lakini huondoka pia na tabaka la juu la metali lenye michoro. Peni iliyosuguliwa hung'aa mng'ao mkavu usio wa asili, na thamani yake huanguka papo hapo. Utando wa kijivu au mweusi uliojengeka kwa karne nyingi hulinda kilicho chini yake, na wanaojua huuthamini. Udongo uliogandamana hulowekwa kwenye maji yaliyochujwa kwa mvuke, siku kadhaa ikibidi, maji yakibadilishwa, kisha sarafu huachwa ikauke yenyewe juu ya kitambaa laini. Mafuta au gundi huondolewa kwa asetoni halisi, si dawa ya rangi ya kucha iliyotiwa manukato, tena mahali penye hewa na mbali na moto. Ukoko mgumu wa zambarau au kutu ya kijani iliyozama ni kazi ya mtaalamu wa makumbusho.

Sarafu iliyopinda isinyooshwe kamwe. Fedha iliyokaa ardhini miaka 700 huliwa kwa ndani na kuwa dhaifu, na inaweza kukatika kwa kubonyezwa kidogo tu. Zaidi ya hapo, mpindo wenyewe unaweza kuwa wa makusudi. Masimulizi ya miujiza ya Zama za Kati yanaeleza jinsi ndugu wa mgonjwa walivyoikunja peni juu yake huku wakiweka nadhiri ya kuipeleka kwenye kaburi la mtakatifu. Vivyo hivyo peni iliyopakwa dhahabu upande wa msalaba na kubandikwa pini ilikuwa pambo la kifuani la mtu fulani. Kung'oa pini hiyo ni kufuta sehemu ya habari zake.

Sarafu hushikwa kwa ukingo, juu ya meza iliyotandikwa kitu laini. Plastiki laini aina ya PVC hutoa ute wa kijani unaokula metali. Polista ngumu au bahasha za karatasi isiyo na asidi ni salama. Sufu, mipira ya kufungia, na katoni za kawaida hutoa gesi ya salfa, ambayo huigeuza fedha kuwa nyeusi. Penye hewa ya bahari yenye unyevu na chumvi, pakiti za jeli ya silika ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri ni za lazima, na hubadilishwa au kukaushwa kila zinaposhiba. Kanuni hizi zinafaa vilevile kwa riale za Maria Theresa na rupia za fedha ambazo familia za mwambao wa Afrika Mashariki zimerithishana. Kila sarafu iwe na kikaratasi chake: uzito, kipenyo, maandishi kama yalivyo bila kukisia herufi zilizofutika, na mahali ilikopatikana. Picha ipigwe mwanga ukitoka upande mmoja, ili michoro hafifu ijitokeze.

Mahali ilikopatikana ndiyo habari ambayo haiwezi kurudishwa ikishapotea. Hazina ya Colchester iliyofukuliwa mwaka 1902 ilikuwa na peni zaidi ya 10,000 za msalaba mfupi, na kwa sababu zilikuwa pamoja wataalamu waliweza kujua chapa ipi ilitangulia ipi. Sheria ya Hazina ya mwaka 1996, inayotumika England, Wales na Ireland Kaskazini, inazihesabu kuwa hazina sarafu mbili au zaidi za fedha zilizopatikana pamoja zikiwa na umri wa angalau miaka 300, na aliyezipata lazima atoe taarifa kwa afisa wa serikali anayehusika ndani ya siku 14. Scotland ina sheria yake. Anayetaka kutafuta kwenye kingo za mto Thames, London, anahitaji kwanza kibali cha mamlaka ya bandari. Sarafu moja iliyookotwa peke yake kwa kawaida si hazina kisheria, lakini maafisa wa mpango wa kitaifa wa kusajili vitu vya kale, unaosimamiwa na British Museum, huipima, huipiga picha na kuiandikisha bila malipo, kisha humrudishia mwenyewe.