Kabla hujajigamba na wingu, angalia mgao wako

Ijumaa moja saa mbili usiku, rafiki yangu alifungua mauzo ya tiketi za shoo yake mtandaoni. Mfumo nilikuwa nimeuunda mimi, kijana aliyeacha chuo mwaka wa pili karo ikigoma, nikajifundisha programu mwenyewe. Nilikuwa nimeupanga vizuri: watu wakizidi, seva zaidi zijiwashe zenyewe.

Watu wakazidi. Seva zikakataa kuwaka. Ujumbe ukaja: umefikia kikomo cha akaunti yako. Nikatuma ombi la kuongezewa usiku huo huo. Jibu lilikuja Jumatatu. Wikendi nzima rafiki yangu aliuza tiketi kwa daftari na kalamu.

Noma ni kwamba kosa lilikuwa langu. Wewe usilirudie.

Ukikodi kompyuta za wingu, iwe AWS, Google Cloud au Azure, utadhani hazina mwisho. Zina mwisho. Fikiria ploti yenye tangi moja la maji: landilodi hupimia kila nyumba mitungi yake, la sivyo mmoja atafulia mazulia na wengine walale bila kuoga. Wingu pia ni mashine za kugawana. Mgao huo pia hukukinga, maana mwizi akiiba nywila yako hawezi kuwasha seva elfu moja kwa jina lako.

Shida huanzia hapa. Kwanza, migao mingi huhesabiwa kwa eneo. Ukiongezewa kule Cape Town, ukihamia Ireland unaanza na mgao wa kawaida.

Pili, akaunti mpya mara nyingi hupewa mgao wa sifuri wa zile chipu za GPU za kazi za AI. Unaziona kwenye orodha ya bei, unabonyeza, unakataliwa. Hata ukikubaliwa, mgao ni ruhusa tu. Siku hiyo mashine zinaweza kuwa zimeisha.

Tatu, na hii ndiyo humaliza watu mfukoni: tahadhari ya bajeti si kikomo. Bando likiisha, simu inakukata. Huku kwenye wingu unatumiwa barua pepe tu, tena hesabu huchelewa kwa saa kadhaa, na seva zinaendelea kula doo.

Usijione mshamba. Hata Google yamewakuta. Tarehe 14 Desemba 2020, Gmail na YouTube zilizimika kwa takriban dakika 47, mchana kwa saa zetu. Mfumo wao wa kugawa mgao ulikuwa umepata taarifa mbovu kwamba huduma inayotambua watumiaji inatumia sifuri. Ukaipunguzia mgao, na watu dunia nzima wakashindwa kuingia kwenye akaunti zao.

Kwa hivyo, kama una kazi kubwa mwezi huu, fungua ukurasa wa migao leo. Piga hesabu ya saa ile watu watakuwa wengi zaidi, kisha omba nyongeza wiki mbili mapema. Weka kengele ilie ukifika asilimia 80. Zima mwenyewe usichotumia.

Shoo ya rafiki yangu ilijaa hadi mlangoni. Mimi nililipa kiingilio kama wengine, na tiketi za shoo iliyofuata alimpa mtu mwingine.