Kununua au Kukodi Mitambo ya Ujenzi: Uamuzi wa Mkandarasi wa Nyeri

Upanuzi wa barabara ya Kenol–Sagana–Marua, yenye urefu wa kilomita 84, umewazoesha wakazi wa Sagana na Karatina ngurumo za greda na tingatinga. Kampuni kubwa huja na mitambo yake. Mkandarasi mdogo aliyepata zabuni ya kukarabati barabara ya changarawe kule Othaya au Mukurwe-ini hana budi kuamua: anunue, akodi kwa siku, au akodi kwa mkataba wa miaka?

Yafaa kuanza na istilahi. Kukodi ni kutwaa kitu kwa malipo. Kukodisha ni kukitoa. Wengi huvichanganya vitenzi hivi, na katika mkataba kosa hilo laweza kuzua mgogoro kuhusu nani atanunua vipuri. Isitoshe, kitenzi ni kimoja kwa siku moja na kwa miaka mitatu. Sharti muda utajwe.

Msingi wa uamuzi ni siku za kazi. Tuseme greda hukodiwa kwa shilingi 30,000 kwa siku, ilhali kuimiliki (marejesho ya mkopo, vipuri, mwendeshaji na ulinzi) hugharimu shilingi 480,000 kwa mwezi. 480,000 kugawa kwa 30,000 ni 16. Mwenye kazi ya zaidi ya siku 16 kila mwezi afadhali anunue. Mwenye chache na akodi.

Hesabu hiyo ina adui wawili. Wa kwanza ni mvua: Machi hadi Mei, na tena Oktoba hadi Desemba, udongo mwekundu wa miteremko ya Mlima Kenya huteleza. Greda hulala, riba hailali. Wa pili ni malipo ya zabuni za umma, ambayo huweza kuchelewa.

Mkataba wa miaka humwepusha mkandarasi na malipo makubwa ya mwanzo, lakini kwa kawaida hulipiwa hata wakati wa mvua, na hatimaye mtambo hurudi kwa mwenyewe isipokuwa mkataba useme vinginevyo.

Anayekopa ili anunue akumbuke kwamba sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika inaruhusu mtambo wenyewe uwekwe rehani. Si lazima kila mara kutoa hati ya shamba la familia.

Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.