Deki na kanda za zamani: mtaji uwekwe wapi?

Vituo vya televisheni vilianza Tanzania Bara mwaka 1994. Kabla ya hapo wengi walitazama filamu kwa deki na kanda. Vitu hivyo bado vina wapenzi wake, lakini mfanyabiashara wa Musoma, Bunda au Butiama asikimbilie kununua kanda za filamu, kwani nyingi zinapatikana kwingine. Kanda ya harusi mara nyingi haina nakala, na mwenyewe hulipia ihamishiwe kwenye kompyuta. Mtaji basi uwekwe kwenye deki nzima. Funai ya Japani, mtengenezaji wa mwisho, iliacha kuzitengeneza Julai 2016. Vipuri sasa hutolewa kwenye deki mbovu. Ijaribiwe kabla ya kulipiwa. Kanda yenye ukungu isiingizwe: huchafua hedi.