Shoka Lisilokata Mti

Yapata miaka 5,000 iliyopita, huko Uchina, karibu na mahali ulipo leo mji wa Hangzhou, watu wa Liangzhu walichonga mashoka kwa jiwe gumu liitwalo jedi. Madini ya chuma hawakuwa nayo. Basi walilikataje? Walivuta kamba mbele na nyuma, huku wakitia maji na mchanga mkali. Mchanga ndio uliokata, si kamba. Tundu walilipekecha kwa kitu chenye uwazi kama mwanzi, kwa mchanga uo huo.

Mwaka 1986 shoka moja lenye nakshi lilifukuliwa katika kaburi huko Fanshan. Makali yake hayakutumika: lilikuwa alama ya enzi. Mwenye kulishika hakuwa mkata kuni! Wakulima wa mpunga walitumia zana za mawe ya kawaida.