Busaa na Muratina: Kila Kinywaji na Asili Yake

Sisi watu wa pwani tukiteremka River Road, Nairobi, kila kinywaji cha kienyeji twakiita pombe, basi. Wenyewe hawakubali. Nilipokuwa nikikaa Kawangware, magharibi ya jiji, niliwauliza wazee, kwani anayekaribishwa sharti ajue anakaribishwa nini.

Mzee wa Kiluhya alinieleza kuwa busaa ni ya nafaka: unga wa mahindi hukandwa, ukaachwa uchache, ukakaangwa juu ya bati, kisha ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Mzee wa Kikuyu akasema muratina ni ya asali au miwa, huchachushwa kwa tunda la mvungunya lililokaushwa. Pasipo tunda hilo, si muratina. Chang'aa iko mbali nazo: hiyo hupikwa, mvuke wake ukakingwa. Ilipigwa marufuku mwaka 1980, ikaruhusiwa kwa masharti mwaka 2010.

Kwao jina hufuata asili na mapishi. Sisi Waislamu twatazama ulevi. Tembo likigemwa sasa hivi ni tamu. Likilala huwa kali, na mnazi ni ule ule. Basi, ndugu msomaji, ukiletewa uji mchachu ugenini, pamoja na jina lake uliza umelala siku ngapi.