Swali la Asubuhi na Shilingi ya Waziri

Kabla naibu waziri hajasimama pale Dodoma na kusema "naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo," jibu lake limeshalala usiku mmoja au miwili juu ya meza ya mtu ambaye haonekani kwenye televisheni. Kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Nilikuwa afisa mipango katika halmashauri moja ya wilaya ambayo sina haja ya kuitaja. Sasa nimestaafu, nafuga kuku na kusoma Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge. Mume wangu anasema kazi hiyo ya pili ndiyo yenye hasara zaidi.

Vijana wa bodaboda pale kijiweni wanajua kazi niliyoifanya, basi kila Bunge likikaa hawaniachi. "Mama, wabunge wanauliza, mawaziri wanajibu, makofi yanapigwa. Mbona zahanati yetu haina paa?" Ni swali la haki, na kulijibu kunahitaji nianze na safari ya swali lenyewe.

Katiba yetu, ibara ya 63(3), inampa mbunge haki ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Mbunge analiandika, analipeleka Ofisi ya Bunge, nayo inalipeleka serikalini. Jambo la kwanza ni kujua mlango. Wananchi wengi wanadhani zahanati ni ya Waziri wa Afya. Zahanati, vituo vya afya, shule za msingi na sekondari pamoja na barabara za vijijini zilizo chini ya TARURA hujibiwa na TAMISEMI, wenye tawala za mikoa na serikali za mitaa, maana ni mali za halmashauri. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndiyo ya Wizara ya Afya. Barabara kuu na za mikoa, zile za TANROADS, ni za Wizara ya Ujenzi. Maji ya vijijini yalikuwa kwetu halmashauri mpaka 2019, ilipoanzishwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, na toka hapo mwenye kubanwa ni Waziri wa Maji. Mnapompa mbunge wenu kilio, mjue kinaenda kwa nani.

Kutoka wizarani swali linashuka mkoani kwa Katibu Tawala, kutoka mkoani kwa Mkurugenzi wa halmashauri, na Mkurugenzi analisukuma kwa afisa mipango na mweka hazina. Aghalabu linafika jioni, watu wanafunga ofisi, na jibu linatakiwa kesho asubuhi. Hapo ndipo nilipokuwa nikimpigia mtendaji wa kata.

"Boma limefika wapi?"

"Limefika kwenye renta, mama. Wananchi wamechoka kuchanga."

Hayo maneno mawili, boma na renta, yamebeba nusu ya maswali yote ya Bunge letu. Wananchi wanajitolea mawe, mchanga, matofali na nguvu zao, kuta zinapanda mpaka usawa wa juu ya milango, halafu fedha za kupaua hazipo. Mvua mbili tatu zikipita, tofali za juu zinaanza kumomonyoka. Mbunge anauliza Serikali itakamilisha lini boma hilo. Mimi naandika kwamba Serikali inatambua na kuthamini juhudi za wananchi, na kwamba itaendelea kutenga fedha kadri zitakavyopatikana. Sentensi hiyo nimeiandika mpaka vidole viliijua vyenyewe. Sikuona haya kuiandika, kwa sababu ilikuwa kweli tupu: boma lilikuwepo, fedha hazikuwepo.

Kosa liko kwenye swali. Fungua Hansard ya siku yoyote, pita dua, fika pale Spika anapomwita Katibu na Katibu anataja maswali, kisha hesabu yanayoanza na "Je, ni lini Serikali". Ni lini barabara itawekwa lami, ni lini kata itapata kituo cha afya, ni lini maji yatafika. Swali la "lini" ni tamu jimboni, maana mbunge anakata kipande cha video na kukirusha kwenye makundi ya WhatsApp ya kata zake. Kwa sisi tuliokuwa tunaandaa majibu lilikuwa swali la mapumziko. Halidai namba yoyote. Ukishasema upembuzi yakinifu unaendelea, au usanifu wa kina uko hatua za mwisho, umemaliza.

Kilichotutoa jasho ni maswali ya nyongeza. Jibu la msingi likishasomwa, mwuliza swali anaruhusiwa kuongeza mawili, na Spika anaweza kuwapa nafasi wengine, kila mmoja moja. Hayo hayaandikwi mapema. Kwa hiyo chini ya jibu la msingi tuliambatanisha kurasa za maelezo ya ziada: idadi ya zahanati, watumishi waliopo na wanaopungua, fedha zilizopokelewa kwa kila mradi. Naibu waziri makini alikuwa anapiga simu mwenyewe usiku kuuliza. Mwingine asiyesoma alijulikana asubuhi, kwa jinsi alivyokimbilia kusema, "Mheshimiwa Spika, naomba nimhakikishie Mheshimiwa Mbunge kuwa baada ya kikao tutakaa tuone." Ukisikia hivyo, mbunge amepiga penye mfupa.

Nakumbuka vizuri swali moja la nyongeza. Mbunge mmoja wa viti maalumu, mama mtulivu asiye na mbwembwe, hakuuliza lini. Aliuliza: katika fedha zilizoidhinishwa na Bunge hili kwa mradi ule, ni kiasi gani kimekwishafika kwenye akaunti, na kilifika mwezi gani? Mkurugenzi wetu aliyekuwa anasikiliza redioni ofisini alinyanyua simu kabla hata naibu waziri hajamaliza kusema "nakushukuru." Wiki ile hatukulala.

Hapo kuna jambo ambalo watu wengi hawalielewi, hata waliosoma. Bunge linapopitisha bajeti linaruhusu matumizi. Halijaweka fedha mkononi mwa mtu. Bajeti ya mwaka 2025/26 ilisomwa kuwa shilingi trilioni 56.49. Hiyo ni ruhusa. Fedha hutolewa na Hazina kidogo kidogo kadri makusanyo yanavyoingia, na mradi wenu unaweza kuandikwa vizuri kabisa kwenye kitabu cha bajeti, ukatajwa bungeni kwa jina la kijiji, wanakijiji wakashangilia, kisha mwaka ukaisha umepata robo tu. Mwaka wa fedha unafungwa tarehe 30 Juni. Wakati mwingine fedha zinafika Juni yenyewe, siku zimebaki za kuhesabu. Utatangaza zabuni lini? Fundi atapaua saa ngapi? Mwezi Julai mkaguzi anakuta bakaa kwenye akaunti na kuandika kwamba halmashauri imeshindwa kutumia fedha. Tuliandikwa hivyo, na mtaani tukaitwa wazembe. Ndiyo maana swali la yule mama, limefika mwezi gani, nalithamini kuliko hotuba nyingi nilizozisikia.

Sasa tuje kwenye shilingi, maana hii inawachekesha vijana wa kijiweni kuliko kitu kingine.

Bunge la bajeti huanza Aprili na kwenda mpaka mwisho wa Juni. Kila wizara inaleta makadirio yake chini ya namba inayoitwa fungu: Maji ni Fungu 49, Afya ni Fungu 52. Mjadala ukishaisha Bunge linageuka kuwa Kamati ya Matumizi, na Spika anaitwa Mwenyekiti. Wanapita kifungu kwa kifungu. Wakifika kwenye kifungu cha utawala, ambamo mshahara wa waziri umo, ndipo moto unapowaka. Mbunge anasimama: Mheshimiwa Mwenyekiti, nataka maelezo kuhusu jambo fulani, na nisiporidhika nakusudia kutoa shilingi. Maana yake anapendekeza mshahara wa waziri upunguzwe shilingi moja. Moja, ile ambayo hata duka la Mangi haliipokei tena.

Waziri anajibu. Mbunge haridhiki, anatoa hoja, wenzake wanasimama kumuunga mkono, mjadala mdogo unafunguka juu ya jambo lile lile moja, waziri anabanwa pembeni mbele ya kamera na mbele ya wapiga kura wake mwenyewe, maana kwetu waziri lazima awe mbunge. Mwisho unakuwa mmoja kati ya miwili. Ama waziri anatoa ahadi yenye tarehe na mbunge anarudisha shilingi, ama inapigwa kura ya sauti, "ndiyo" na "siyo", na Mwenyekiti anasema wasioafiki wameshinda. Shilingi inabaki kwa waziri. Hata hivyo, ahadi aliyoitoa akiitetea shilingi ile imeandikwa, na kwetu halmashauri ilikuwa inafika kwa simu kabla ya magari ya wabunge kutoka getini. Nimeona daraja likipata fedha kwa shilingi ambayo haikutolewa.

Kasoro yake ni saa. Muda wa Kamati ya Matumizi una ukomo. Ukifika, mafungu yaliyobaki yanapitishwa kwa mkupuo bila maelezo. Kwa hiyo wenye kuwahi kusimama kwenye mshahara wa waziri wanakula muda wote, na vifungu vya ndani, vya miradi yenyewe, vinapita kimya. Mimi ningependa kinyume chake.

Sasa, msidhani mawaziri wanaanguka kwa maswali ya asubuhi. Historia yetu haisemi hivyo. Mwaka 2008 aliyemwondoa Waziri Mkuu Edward Lowassa, pamoja na mawaziri wengine wawili, hakuwa mwuliza swali wa saa tatu asubuhi. Ilikuwa Kamati Teule ya Dk. Harrison Mwakyembe iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2014 sakata la akaunti ya Tegeta Escrow lilifika ukumbini kupitia ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, iliyokuwa ikiongozwa na Zitto Kabwe, na ndani ya miezi michache Mwanasheria Mkuu akawa amejiuzulu, waziri mmoja ameondolewa na mwingine amejiuzulu. Kamati ina muda na nyaraka, na inaweza kumwita mtu akae kitini mpaka ajibu.

Kamati za hesabu hula chakula kinachopikwa na CAG, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Taarifa yake humfikia Rais mwishoni mwa Machi, na Katiba inataka iwekwe mezani Bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa mkutano unaofuata. PAC inabeba wizara na mashirika. Halmashauri zina kamati yao, LAAC. Nimekaa nyuma ya Mkurugenzi mbele ya LAAC nikiwa nimepakata mafaili mpaka magoti yamekufa ganzi. Pale hakuna "kadri zitakavyopatikana." Mbunge anafungua ukurasa, anasoma hoja ya mkaguzi, anauliza: vocha iko wapi? Ukisema ipo ofisini, anakuuliza ofisi iko Dodoma au iko kwenu. Mwaka mmoja CAG alitupa hati yenye shaka, na naamini tuliistahili.

Wapo watakaosema nasifia Bunge kupita kiasi. Tangu uchaguzi wa 2020 wapinzani ukumbini wamekuwa wa kuhesabika, na mbunge wa chama tawala akimbana waziri wa chama hicho hicho anajua kura za maoni zinakuja. Usiku mwingine ukisoma Hansard unakuta pongezi ukurasa mzima, swali mstari mmoja. Na tangu Januari 2016, Serikali ilipotangaza kwamba TBC itaacha kurusha vikao moja kwa moja kwa sababu ya gharama, wengi tulipoteza mazoea ya kufuatilia mjadala kutoka mwanzo hadi mwisho. Tunaishi kwa vipande. Wenzetu Kenya walikwenda njia nyingine: Katiba yao ya 2010 iliwatoa mawaziri bungeni, na kwa miaka kadhaa walikuwa wakijibu mbele ya kamati tu, mpaka wabunge wakabadili kanuni ili waje kujibu ukumbini. Kumbe na wao walikumbuka kumwona waziri akisimama.

Kwa hiyo vijana wangu wa bodaboda nimewapa kazi. Mbunge akija, msimuulize paa litakuja lini. Muulizeni liko kwenye fungu gani, limetengewa kiasi gani, kimetoka kiasi gani na mwezi gani. Asipojua, ameondoka na swali lake la nyongeza tayari, bure. Na kabla ya Dodoma kuna baraza la madiwani, linalokaa kila robo mwaka, ambapo diwani anaweza kumuuliza Mkurugenzi maswali hayo hayo uso kwa uso. Kikao ni cha wazi, mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Katika halmashauri yetu viti vya wananchi viko nyuma ya ukumbi, karibu na feni, na siku nyingi wanaovikalia ni madereva wa waheshimiwa.